Themostati na Gari Linalochemsha: Mazungumzo kwa Madereva Waendao Shinyanga na Geita

Hapa chini ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya madereva, utingo wao na wenye magari wa Visiwani ambao kazi au biashara zao huwapeleka katika mikoa ya Shinyanga na Geita, Tanzania Bara. Yanatolewa kama yalivyosomwa.



Katika gereji nyingi za kandokando ya barabara, gari linalochemsha lina dawa moja, nayo ni kongwe. Dereva huingia na gari linalotoa mvuke. Fundi hungoja lipoe, kisha hufungua kinyumba kidogo cha chuma pale mpira wa maji unapokutana na injini, akatoa humo kifaa cha shaba ambacho upana wake haupiti mdomo wa kikombe cha kahawa, akakitupa. Kinyumba hufungwa, maji hujazwa, mteja hulipa na safari huendelea. Kifaa kilichotupwa ndicho themostati, na fundi humhakikishia dereva kwamba kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi na hapa hakina kazi.

Maelezo hayo si sahihi. Kuitoa themostati mara nyingi huficha ugonjwa badala ya kuuponya, na ugonjwa uliofichwa hulipwa baadaye kwa silinda hedi iliyopinda, au kwa injini nzima, tena mbali na nyumbani.

Inafaa kwanza ieleweke kifaa chenyewe hufanya nini. Kati ya nguvu yote iliyomo katika mafuta yanayoungua ndani ya injini, takriban theluthi moja tu ndiyo huzungusha magurudumu. Theluthi nyengine hutoka na moshi, na sehemu iliyobaki karibu yote huingia katika chuma cha injini na kuchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji hayo yazunguke kwenye silinda, yatoke yakiwa ya moto, yapite katika mirija myembamba ya rejeta yapoe kwa upepo, kisha yarudi. Lakini injini haitaki kupozwa tu. Hufanya kazi vizuri ikiwa maji yake yana joto la baina ya nyuzi 80 na 95 za sentigredi. Chini ya hapo oili huwa nzito, mafuta hayaungui sawasawa, na silinda hulika upesi. Themostati ni bawabu wa mlango wa kwendea rejeta. Injini ikiwa baridi huufunga, maji yakabaki kuzunguka ndani na kupata moto haraka. Ikishapata moto huufungua kidogo kidogo kadiri ya haja.

Bawabu huyu hatumii umeme. Ndani yake kuna kikopo kidogo cha shaba kilichojazwa nta maalumu, na katikati ya nta umechomekwa msumari. Nta ikiyeyuka hutanuka kwa nguvu kubwa, ikausukuma msumari na mlango ukafunguka. Ikipoa na kuganda, springi huurudisha mlango mahali pake. Aliyebuni matumizi ya nta kwa kazi hiyo katika magari ni Sergius Vernet, nchini Marekani, katika miaka ya 1930. Kwenye kifaa hupigwa chapa ya namba, kama vile 82 au 88, nayo ndiyo nyuzi ambazo mlango huanza kufunguka. Kadiri ya nyuzi 10 au zaidi kidogo juu ya hapo, mlango huwa wazi wote. Namba hiyo haichaguliwi na dereva kwa kuonea imani. Imechaguliwa na waliotengeneza injini, na themostati mpya haina budi iwe na namba ile ile.

Katika nchi za baridi, themostati iliyokufa ikiwa wazi haijifichi hata siku moja. Gari lina hita, na hita hupata joto lake kutoka katika maji yale yale ya injini, yanayopitishwa katika kirejeta kidogo chini ya dashibodi. Injini isipopata moto, hita hutoa upepo wa baridi, na mwenye gari hukimbilia gereji kwa kutetemeka. Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana hita hiyo, lakini mtu wa Unguja au wa Kahama huenda akamiliki gari miaka kumi asiifungue. Kwa hivyo gari lisilo na themostati huonekana zima. Mshale wa joto hulala chini, dereva akafurahi, akidhani injini yake imepumzika. Kumbe injini baridi hunywa mafuta mengi zaidi, kwa kuwa mitambo ya petroli yenye kompyuta huendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza gari limewashwa. Na unyevu unaotokana na mwako, badala ya kukauka kwa joto, hubaki ndani ya oili na kuigeuza tope. Hasara hiyo huja polepole, na ndiyo maana haishitakiwi.

Lipo jambo jengine ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui. Injini nyingi, zikiwemo za baadhi ya magari ya Toyota, zina themostati yenye milango miwili. Mlango wa juu unapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta, kisahani cha chini huziba njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yakizungukia ndani. Themostati ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na maji mengi hupita hapo bila ya kufika kwenye rejeta. Gari la namna hiyo huweza kuwa baridi kupita kiasi asubuhi, na adhuhuri likipanda mlima na mzigo likachemsha zaidi kuliko kabla ya kutibiwa. Mwenyewe hushangaa, akaambiwa rejeta ni mbovu, akanunua rejeta.

Sasa kwa nini maradhi haya yawe makali zaidi Shinyanga na Geita kuliko hapa Visiwani? Sababu ya kwanza haionekani kwa macho, nayo ni urefu wa nchi. Shinyanga ni tambarare, na mgeni haoni kwamba amepanda. Lakini Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100. Maji yanayochemka Unguja kwa nyuzi 100, huko huchemka kwa nyuzi 96 tu, kwa sababu uzito wa hewa ni mdogo. Nyuzi nne si nyingi kwa birika la chai, lakini kwa injini inayofanya kazi kwa nyuzi 90 na ushei, ndizo nafasi yote iliyopo.

Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Watu huuona kama kizibo tu. Ndani yake mna springi inayoyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Mfuniko mzima wa gari dogo la kawaida huweza kuyafanya maji yasichemke hata huko Shinyanga mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko ambao mpira wake umekatika, au uliobadilishwa kwa kipande cha kitambaa na kizibo cha kopo, huyarudisha maji kwenye nyuzi 96. Hapo gari lenye themostati nzima, pampu nzima na rejeta safi litachemsha, na themostati itatupwa bila ya kosa. Kabla ya kushutumu kitu chochote, atazamwe kwanza mfuniko, kwani ndiyo kitu rahisi kuliko vyote.

Sababu ya pili ni vumbi. Njia nyingi za kwendea machimboni, kwa mfano sehemu za Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, ni za udongo mwekundu, na kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba vumbi lake husimama hewani kama ukungu. Likichanganyika na oili inayovuja na mbegu za majani, hutandika zulia juu ya uso wa rejeta. Katika msimu wa ununuzi wa pamba Shinyanga, nyuzi za pamba zinazopeperuka hujiongeza humo. Rejeta hiyo imo mbioni lakini haipumui. Dawa yake ni maji ya mpira yanayopigwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ya wastani ili mapezi yasilale. Wengi hupiga kutoka mbele, wakalisukuma vumbi ndani zaidi.

Tatu ni maji yenyewe. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na maji ya ziwa ni laini. Nje ya mabomba hayo kuna visima vyenye maji ya chumvi na madini. Anayejaza rejeta kwa maji ya kisima kila siku huweka ndani yake magadi yanayoganda kama yale ya ndani ya birika, na mirija ya rejeta ni myembamba. Themostati nayo hugandwa, ikakwama. Inashauriwa kutumia maji ya kupozea yaliyochanganywa na dawa maalumu ya injini, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Dawa hiyo pia husemwa kuwa ni ya nchi za barafu. Ni kweli huzuia maji yasigande, lakini pia huzuia kutu na huongeza nyuzi za kuchemka, mambo mawili yanayohitajika Shinyanga kuliko barafu. Tahadhari: ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala isimwagwe mahali watoto, kuku au mbuzi wanapofika.

Aidha, yapo mazoea yanayotoka machimboni. Kwa wachimbaji wadogo hutumika injini za dizeli za silinda moja kuzungusha makarasha na pampu. Nyingi kati ya hizo hazina rejeta wala themostati. Zina sanduku la maji lililo wazi juu. Maji huchemka waziwazi, yakapungua, mtu akaongeza kwa ndoo. Hivyo ndivyo zilivyoundwa, na hazina kasoro. Lakini aliyejifunza injini kwa karasha, akipewa gari la abiria, huenda akaona kuchemka kuwa ni tabia ya injini zote, na ndoo ya maji kuwa ndiyo matengenezo yake. Gari haliko hivyo. Silinda hedi ya aluminiamu ikichemshwa mara moja tu bila ya maji ya kutosha huweza kupinda, na gasketi iliyo chini yake ikafumuka.

Dalili za gasketi iliyofumuka zinafaa kujulikana na kila dereva. Maji hupungua bila ya kuvuja nje. Mapovu hutoka ndani ya rejeta injini ikizunguka. Moshi mweupe mzito hauishi hata gari likishapata moto. Oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari lenye dalili hizi lisitembezwe, na wala kutoa themostati hakutalisaidia hata kidogo.

Ili kujua hali ya themostati bila ya kufungua chochote, gari lijaribiwe asubuhi likiwa baridi. Liwashwe, na dereva ashike mpira wa maji wa juu wa rejeta, akijihadhari na feni na mkanda wake. Kwa dakika kadhaa mpira huo hautakiwi kupata moto, kisha unatakiwa kupata moto kwa ghafla. Hapo mlango umefunguka. Ukianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo na kupanda polepole, themostati imekwama wazi au haimo kabisa. Mshale ukipanda juu na mpira ukabaki baridi, huenda mlango umekwama katika hali ya kufunga, au maji ni haba, au pampu haisukumi. Hita nayo ni shahidi mzuri, ijapokuwa haitumiki: ifunguliwe, na ikitoa upepo wa baridi ilhali mshale uko juu, basi maji yamepungua au hewa imenaswa ndani.

Iliyokwisha kutolewa hupimwa kwa sufuria. Inaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, na moto huwashwa. Mwenye kipimajoto ataona kama inafunguka karibu na namba iliyopigwa chapa. Asiye nacho anaweza kutumia maji yenyewe kuwa kipimo: Shinyanga maji yakitokota yamefika nyuzi 96, na themostati ya 82 ambayo haijafunguka katika maji yanayotokota imekufa. Ikifunguka, itolewe ipoe, na lazima ifunge yote. Jaribio hili halichukui robo saa, na fundi anayelikataa hana hoja.

Likitokea gari kuchemsha njiani, na mara nyingi hutokea mahali pabaya, kama vile kupanda mlima wa Sekenke upande wa Singida wakati wa kurudi na shehena, lipo la kufanya kabla ya kusimama. Kiyoyozi kizimwe na hita ifunguliwe yote kwa upepo wa mwisho. Abiria watalalamika, lakini kirejeta kile cha chini ya dashibodi huchukua sehemu ya joto la injini. Mshale usiposhuka, gari lisimamishwe mahali pa salama na injini izimwe. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa muda usiopungua nusu saa. Maji yaliyobanwa yana joto kupita la kuchemka, na mfuniko ukilegezwa hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Kuungua kwa namna hii ni jambo la dakika moja, na kovu lake ni la maisha. Ukishapoa, ufunguliwe kwa kitambaa kizito, nusu zamu kwanza, uso ukiwa upande wa pili. Maji yaongezwe kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa. Maji baridi yakimiminwa juu ya chuma chenye moto, chuma hupasuka.

Hapa pana jambo ambalo si la ufundi. Dereva wa gari la abiria baina ya Kahama na Geita, kama mwenzake wa daladala ya Mjini Unguja, hudaiwa hesabu ya siku. Nusu saa ya kungoja injini ipoe ni safari moja iliyopotea, na tajiri hulitaka fungu lake jioni bila ya kuuliza mshale ulikuwa wapi. Ndiyo maana dereva anayejua vizuri kwamba gari linaungua huendelea kulikimbiza, akasimama kwenye kila kidimbwi kuongeza maji, na ndiyo maana hukubali themostati itolewe: ni matengenezo ya dakika ishirini yasiyohitaji kununua kitu. Kumlaumu peke yake si haki. Tajiri anayetaka injini yake iishi hana budi kukubaliana naye mapema kwamba siku gari likichemsha, hesabu ya siku hiyo itapunguzwa, na kwamba fedha za mfuniko, mkanda wa feni na themostati ni juu ya mwenye gari. Vitu vitatu hivyo kwa pamoja havikaribii gharama ya kusawazisha silinda hedi moja, ukiacha abiria waliolala porini.

Hali kadhalika, anayenunua gari lililotumika mkoani humo asisahau kuuliza kama themostati imo, na asitosheke na jawabu. Jaribio la mpira wa juu litamwambia kweli.

Kwa anayerudisha themostati mahali pake, yako mambo madogo ambayo yakiachwa kazi huharibika. Kikopo cha nta huelekezwa upande wa injini, si wa rejeta. Iliyowekwa kinyume haifunguki kwa wakati. Ikiwa ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kitundu hicho hukaa juu, kwani ndiko hewa inakotokea. Gasketi iwe mpya, na mabaki ya ile kuukuu yakwanguliwe yote. Kisha maji yajazwe taratibu, hita ikiwa imefunguliwa, na injini iachwe izunguke bila ya mfuniko, maji yakiongezwa kila yanaposhuka, mpaka mpira wa juu upate moto ghafla na mapovu yakome. Ndipo mfuniko ufungwe. Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, maji yatazamwe tena. Hewa iliyokuwa imejificha usiku huwa imeshatoka, na kina huwa kimeshuka kwa kiasi cha vikombe kadhaa.